Kwa Rehema, kabla hujajaza fomu

Kwako Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, macho tu ndiyo yamechoka. Barua yako nimeikalia wiki mbili, maana swali lako la kama uje kusoma uzamili huu wa saikolojia ya jamii ninaosoma au uache, si la kujibiwa ndiyo au hapana.

Unasema unataka kusomea chuki, ujue kwa nini watu wa kundi hili hawawataki wa kundi lile. Nami niliingia na neno hilohilo mdomoni. Juma la pili mwalimu akatuonyesha vitone ukutani, sekunde chache tu, tukakisia idadi. Akatugawa: waliozidisha huku, waliopunguza kule. Kisha kila mmoja akapewa karatasi ya namba zilizopangwa mbilimbili, agawe pointi kwa watu wawili asiowajua, mmoja wa kundi lake na mmoja wa lile jingine. Ningeweza kumpa wangu 19, ila mwenzake angepata 25. Ningeweza kuwapa 13 kwa 13. Nikazungushia 12 kwa 11. Yaani Rehema, nilimnyima mtu wangu pointi saba ili tu yule asituzidi! Na hilo kundi "langu" halikuwa limetimiza hata nusu saa. Baadaye mwalimu akakiri kwamba makisio yetu hata hakuyaangalia, alitugawa kiholela.

Zoezi ni la mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyetekwa vitani akiwa katika jeshi la Ufaransa, akarudi kukuta ndugu zake wa karibu wameuawa. Mwaka 1970 alichapisha majaribio aliyowafanyia wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza. Alitaka aanzie mahali pasipo na ugomvi wala historia, halafu aongeze sababu mojamoja mpaka aone upendeleo unaanzia wapi. Ukajitokeza palepale mwanzoni, kabla hajaongeza kitu.

Sasa niambie, chuki ilikuwa wapi darasani kwetu? Sikumchukia mtu. Nilipendelea tu, tena nikijiona mwadilifu. Sehemu kubwa ya somo hili imo humo, na ukija ukitafuta watu wabaya utachoka mapema.

Jambo la pili ni vipimo, nalo lilinitoa jasho. Pendekezo langu la kwanza la utafiti lilikuwa dodoso la maswali 40: unawaonaje watu fulani, ungekubali wawe majirani zako. Msimamizi wangu akaandika kwa penseli pembeni: "Hapa unapima ubaguzi au unapima adabu?" Nilinuna siku mbili. Kisha akanipa makala ya mwanasosholojia Richard LaPiere ya mwaka 1934. Bwana huyo alizunguka Marekani na mume na mke vijana wa Kichina, wakaingia hoteli na migahawa zaidi ya 200, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye akaziandikia sehemu hizohizo kuuliza kama zinapokea wageni Wachina. Katika majibu yaliyorudi, zaidi ya tisa katika kila kumi yalisema hapana. Kwenye karatasi walikuwa wakali kuliko mlangoni. Mimi nilikuwa nikihofia kinyume chake, watu waseme vizuri na watende vibaya, kumbe pengo linaweza kukaa upande wowote. Utafiti huo una kasoro zake, kwa mfano aliyejibu barua huenda siye aliyewapokea, lakini dodoso langu lilikufa siku hiyo.

Takwimu usiziogope, ila usizidharau pia. Zitakula muda kuliko nadharia zote. Kamati ya maadili nayo itakurudisha mara mbili tatu, hasa ukitaka kuwaficha washiriki lengo la jaribio. Vumilia tu, wana haki.

Chuo usikichague kwa jina. Tafuta mtu utakayekaa chini yake, soma alichochapisha miaka ya karibuni, kisha mwandikie kuhusu makala yake moja uliyoielewa kweli. Mimi sikufanya hivyo, nikapoteza muhula mzima kwa msimamizi wa kwanza aliyekuwa akisomea mambo mengine kabisa.

Basi njoo. Kwanza andika ukurasa mmoja wa unachotaka kujua, bila neno chuki, unitumie kabla hujawapelekea watu wa chuo. Penseli ninayo.

Wako,
Salma