Barua ya wazi kwa vijana wa Bondeni, Nakuru, wanaoandaa maonyesho ya Sikukuu ya Mashujaa

Wajukuu zangu,

Orodha mliyobandika ukutani pale ukumbini nimeisoma, tena nikarudi nyumbani kuchukua miwani nikaisoma upya. Nawapa heko kwa kuwaacha kando wale ambao tayari wana sanamu na barabara kila mji. Lakini ile karatasi ya manila mmeichora mistari ya kalamu nyekundu: Waluo huku, Wakalenjin kule, Waluhya, Wakisii, Wakikuyu, halafu safu ya mwisho ya wanawake, kana kwamba wanawake nao ni kabila. Mmewagawa mashujaa kama nyama ya mbuzi, kila ukoo na paja lake. Naomba mistari hiyo ifutwe kabla ya tarehe 20 Oktoba.

Sitaki kuwahubiria umoja. Hapa Nakuru mahubiri hayo tumeyasikia kila mwaka wa kura, na nyumba zikachomwa vilevile. Shida yangu ni kwamba safu hizo zinawasingizia watu mliowaandika.

Mchukueni Achieng Oneko, mliyemweka kwa Waluo na kumtilia maneno matatu tu, "mfungwa wa Kapenguria". Ni kweli alizaliwa Uyoma, na alikamatwa katika msako wa usiku wa 20 Oktoba 1952, usiku uleule uliotupa sikukuu hii. Huko Kapenguria alihukumiwa pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao kwa kuongoza Mau Mau, vuguvugu la kupigania ardhi na uhuru. Rufaa yake ilifaulu. Serikali ya kikoloni ikamshikilia kizuizini hivyo hivyo, miaka ikapita. Na 1963, waliompeleka Bungeni ni akina nani? Ni wapiga kura wa Nakuru Town, wajukuu zangu! Babu na nyanya za baadhi yenu. Akawa Waziri wa Habari. Mwaka 1966 alijiuzulu akamfuata Jaramogi Oginga Odinga katika chama cha upinzani cha KPU, akarudi kwa wapiga kura walewale, wakamnyima. Hilo nalo liandikeni, msilifiche eti linachafua picha. Kuanzia 1969 hadi 1975 akawa kizuizini tena, safari hii chini ya serikali ya Kenyatta, yuleyule aliyeshtakiwa pamoja naye Kapenguria. Rarieda, kwao, ilimchagua 1992. Nyumbani walimpigia kura miaka 29 baada ya Nakuru kumpigia, na nyinyi mnamweka upande ule wa ukuta kama mgeni!

Argwings Kodhek naye mmemwandika "wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya", mkanyamaza hapo. Kuwa wa kwanza kunafaa kwenye cheti. Andikeni alichokifanya na uwakili huo: wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni 1952, mtu huyu wa Gem aliwasimamia mahakamani washukiwa wa Mau Mau, wengi wao Wakikuyu, kesi ambazo hukumu yake ingeweza kuwa kitanzi. Sasa safu hiyo ya Waluo itawaelezaje wageni wenu nani alimhitaji Kodhek?

Kichekesho zaidi ni Jean-Marie Seroney na Martin Shikuku, ambao mmewatenganisha kwa mstari mwekundu. Oktoba 1975, Shikuku, mbunge wa Butere, alisema Bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU, chama tawala. Wabunge wakadai athibitishe. Seroney, mbunge wa Tinderet na Naibu Spika, alikuwa kitini, akasema jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa palepale katika majengo ya Bunge, wakawekwa kizuizini bila kesi hadi 1978. Hao picha zao zikae katika fremu moja.

Wanawake watoeni kwenye kona yao. Grace Onyango, meya wa Kisumu tangu 1965 na mbunge wa mji huo tangu 1969, akae na wanasiasa wenzake. Chelagat Mutai aliingia Bungeni 1974 akiwa na miaka 24, na muda si mrefu akafungwa. Akae na Seroney na Shikuku, maana yaliyowapata ni ya aina moja.

Kitu kingine ni hayo maneno "shupavu", "jasiri", "mzalendo wa kweli" mliyoyamwaga chini ya karibu kila jina. Ondoeni. Mgeni akisoma kwamba rufaa ya Oneko ilifaulu na bado hakuachiliwa, atajua mwenyewe amwite nani. Nafasi itakayobaki jazeni mwaka, mahali na tendo. Hotuba za Bunge zimo kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, msitegemee vipande vya WhatsApp. Na mtaani humu kuna wazee waliopiga kura 1963. Waendeeni asubuhi, jioni huwa wamechoka, na mwacheni mmoja wenu aulize, wengine waandike.

Karatasi mpya ya manila nitanunua mimi. Mniletee maelezo ya Oneko kwanza, Jumamosi, niyapitie kabla hamjayaandika kwa wino.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa historia, Bondeni