Barua ya wazi kwa Mkuu wa Hifadhi ya Etna: tunaomba kibao cha maji

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Hifadhi ya Mlima Etna,
Nicolosi, Sicilia, Italia.

YAH: KIBAO CHA MAJI KATIKA NJIA YA ALTOMONTANA

Mheshimiwa, salamu kutoka Catania, chini ya mlima. Barua ya Kiitaliano nimeituma kwa posta. Hii ya Kiswahili nawaandikia pia ndugu zangu waendesha baiskeli waliotapakaa Ulaya, waisome kabla hawajapanda huko.

Mwezi Julai mimi na binamu yangu aliyekuja kutoka Ujerumani tuliendesha Altomontana, karibu kilomita 40, mahali pengi juu ya mita 1,500. Sijapata kuona njia kama ile. Unatoka kwenye msitu wa misonobari, mara uko juu ya lava iliyoganda, nyeusi tii, mawe yake makali kama chupa iliyovunjika. Mchanga wa volkano unalimeza gurudumu la mbele. Tulipunguza upepo wa tairi, na bado tukashuka kukokota. Kisha inakuja miti ya magome meupe, aina isiyoota porini kwingine ila Etna, na huko chini kabisa unauona mji wa Bronte na mashamba yake ya pistachio. Vile visiwa vya msitu vilivyozungukwa na lava wenyeji huviita dagala, neno lililotoka kwa Waarabu walioshika kisiwa hiki karne ya 9 hadi ya 11. Hata jina la zamani la mlima, Mongibello, lina jabal ndani yake, ndugu wa jabali letu. Nilipolijua hilo nilijisikia nyumbani.

Sasa shida yenyewe. Dukani tulikokodi baiskeli tuliambiwa vibanda vyote vya njiani vina maji, kwa hiyo tukabeba lita moja na nusu kila mtu. Kufika kibanda cha pili chupa zilikuwa tupu. Palikuwa na kisima cha kukingia maji ya mvua. Nikashusha kopo kwa kamba, likarudi na tope la majivu. Binamu yangu alikuwa ameketi juu ya jiwe, helmeti magotini, chumvi imemganda shingoni. Jasho lilikuwa limemkauka, na nikimuuliza kitu anajibu lingine. Hapo niliogopa. Wanawake wawili waliokuwa wakitembea kwa miguu ndio waliotupa chupa yao iliyobaki, na mmoja wao akamlowanishia kitambaa akamfunga kichwani.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba Etna haina ukame. Mvua na theluji inayoyeyuka hupenya mwamba wenye vitundu, ikatokea chemchemi huko chini kabisa. Sehemu kubwa ya maji tunayokunywa Catania hutoka humo. Mwendesha baiskeli anakufa kiu huku maji yakipita chini ya magurudumu yake. Mgeni atalijuaje hilo asipoambiwa?

Kwa hiyo naomba kibao kila mwisho wa njia, na kimoja katikati. Kiwe na mchoro wa bomba lililokatwa kwa mstari mwekundu, ambao hata asiyejua Kiitaliano atauelewa, umbali hadi pa kupata maji ya kunywa, na namba ya dharura, 112. Kama kibao cha namna hiyo kipo tayari, mimi sikukiona, na nilikuwa natafuta.

Njia yenyewe, Mheshimiwa, tafadhali isiguswe. Usitusawazishie mchanga wala kumwaga zege juu ya lava. Ugumu wake ndio tulioufuata, na mwaka 2013 UNESCO iliuweka mlima huu katika Urithi wa Dunia ukiwa hivyo hivyo ulivyo.

Binamu yangu amepona, na Septemba tunarudi, safari hii lita nne kila mtu. Ukituonyesha pa kuchimba, nguzo za vibao tutazibeba wenyewe.

Wako mtiifu,
Mwendesha baiskeli, Catania