YAH: MALALAMIKO KUHUSU SEVA MPYA MLIYOIUNGA KWENYE MTANDAO WA OFISI YETU

Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam. Mlituuzia seva, na kwenye ankara yenu mstari wa pili unasomeka "ukaguzi wa mtandao uliopo". Tuliulipia. Ukaguzi huo haukufanyika. Fundi wenu alikuja Ijumaa jioni, akachomeka waya, akawasha, akaondoka.

Jumatatu asubuhi printa ilipotea. Mtandao wetu ni wa zamani, hatufichi: ruta ndiyo inayogawa anwani za mtandao kwa kompyuta, na printa ilishapewa ya kwake ya kudumu, 192.168.1.50. Fundi wenu aliwasha DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani hizo, kwenye seva bila kuizima kwenye ruta, kukawa na wagawaji wawili, hakuna anayejua mwenzake kagawa nini. Seva ikaipa kompyuta ya keshia ile ile 50 ya printa. Kompyuta nyingine zilielekezwa kwenye lango la kutokea intaneti lisilokuwepo, zikaikosa, na siku hiyo tulikuwa na makontena ya wateja yanasubiri nyaraka bandarini. Gharama za kuchelewa tulizibeba sisi.

Hilo lilirekebishwa siku ya pili, na peke yake nisingeliandikia barua. Kilichonifanya niandike ni skana.

Mashine yetu ya fotokopi inaskani moja kwa moja kwenye folda ya pamoja. Kwa seva mpya ikagoma. Fundi alirudi, akabonyeza kwa dakika kumi, akaniambia, "Mama, sasa mambo safi." Kweli ikaskani. Wiki mbili baadaye kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo ndiye aliyegundua usafi wenyewe: fundi aliwasha SMBv1, lugha ya zamani ya kupitisha mafaili kwenye mtandao, kwa sababu mashine yetu haijui nyingine. Microsoft wenyewe waliacha kuiweka kwenye matoleo mapya ya seva zao tangu 2017, mwaka ambao virusi vya WannaCry vilipenya kwenye kasoro ya hiyo hiyo SMBv1, vikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Seva hiyo ina namba za TIN na vitambulisho vya wateja wetu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana sisi tunaozitunza. Aliyefungua mlango hakutuambia hata kwamba kuna mlango.

Kuhusu ile "kasi mara kumi" ya seva mpya aliyotuahidi muuzaji wenu, sina mengi. Swichi yetu, kifaa kinachounganisha kompyuta zetu kwa waya, ni ya megabiti 100 kwa sekunde, na seva haiwezi kupita kasi hiyo. Imeandikwa usoni mwake. Mkaguzi angeiona akiwa amesimama.

Tunataka SMBv1 izimwe, na skana itafutiwe njia nyingine; kutuma kwa barua pepe kunatutosha, na hata flashi tutavumilia hadi tununue mashine mpya. Tunataka karatasi moja inayoonyesha kila kifaa na anwani yake, pamoja na nywila ya msimamizi wa seva, ambayo hadi leo anayo fundi wenu peke yake. Na fedha ya ukaguzi irudishwe, kwa kuwa hatukukaguliwa.

Tafadhali mtume fundi mwingine. Yule kijana ana heshima na sina ugomvi naye, ila nadhani alitumwa kazi bila kupewa muda wa kuifanya. Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika tutapeleka nakala ya barua hii na ankara yenu Tume ya Ushindani.

Aje kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo foleni ya wateja huwa imefika ngazini.

Wako katika kazi,

Meneja wa Ofisi