Miaka ya rufani ya Jaji Marshall isirukwe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Thurgood Marshall, mwanasheria Mweusi wa Marekani aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya huko, ilieleza vizuri kesi ya Brown ya mwaka 1954, aliyoishinda akiwa wakili na iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Hata hivyo, ujaji wake wa rufani mliupa mstari mmoja tu, nami niliyekuwa karani wa masijala ya mahakama hapa Mwanza hadi kustaafu siwezi kulinyamazia hilo.

Rais Kennedy alimteua mwaka 1961 katika Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ya Mzunguko wa Pili, inayopokea rufani kutoka New York, Connecticut na Vermont. Alianza kwa uteuzi wa muda, kwa kuwa maseneta wa Kusini walilichelewesha jina lake karibu mwaka mzima, hadi Septemba 1962 alipothibitishwa kwa kura 54 dhidi ya 16.

Waliohudhuria vikao vya Mahakama ya Rufani ya Tanzania jijini hapa wanaijua kazi hiyo: majaji watatu, hakuna shahidi kizimbani, na hoja zote hutoka katika kumbukumbu za shauri lililokwisha kuamuliwa. Wakili mwenye ulimi kama Marshall, akishakaa upande ule wa meza, hubaki na kalamu. Mwaka 1965 aliandika hukumu ya mfungwa mmoja wa New York aliyeshtakiwa kwa mauaji ya daraja la kwanza, akatiwa hatiani kwa daraja la pili, kisha, baada ya kushinda rufani, akashtakiwa upya kwa lile kosa kubwa. Marshall alisema jimbo halikuwa na haki ya kumrudisha katika hatari hiyo. Mwaka 1969, akiwa Mahakama ya Juu, ndiye aliyeandika uamuzi wa kesi ya Benton, ulioyafunga majimbo yote na kanuni ya kutomshtaki mtu mara mbili kwa kosa lile lile. Msomaji asiyeelezwa hukumu ya kwanza ataidhani ya pili ilizuka tu.

Zaidi ya hayo, hamkumtaja Tom Mboya, ambaye asili yake ni Kisiwa cha Rusinga katika ziwa letu hili, na ndiye aliyemwalika Marshall kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba jijini London mwaka 1960. Huko aliandaa rasimu ya haki za msingi iliyolinda pia mali za walio wachache, yaani Wazungu na Waasia. Wapo wanaolishangaa hilo. Mimi silishangai, maana kwao Marekani walio wachache walikuwa Weusi, na hao ndio aliowatetea maisha yake yote.

Naomba basi mwandishi wenu airudie miaka hiyo, kabla Rais Johnson hajamtoa mahakamani mwaka 1965 ili aiwakilishe serikali mbele ya Mahakama ya Juu. Akitaka kuona jopo la rufani likiwa kazini, aje kikao kitakapofanyika Mwanza, hukaa hadharani.

Karani mstaafu,
Nyamagana, Mwanza