Mwanangu, usifunge kisanduku cha spana bado

Tanga, 30 Novemba 2025

Mwanangu Salim,

Assalaam aleikum. Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa peke yangu barazani baada ya mama yako kulala. Dakika nne, na tatu kati ya hizo unamsema Bagnaia, yule mwendesha pikipiki wa mbio za MotoGP. Hastahili kiti cha timu ya kiwanda ya Ducati, analindwa, mwenzake Martín alionewa. Mimi ni baba yako. Ukimtaja Bagnaia najua unamtaja nani: yule kijana mwenye miaka mitatu hapo kazini Qatar aliyepewa usimamizi wa gereji, na wewe una sita.

Neno langu ni moja na nitalirudia mpaka unichoke. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujapata nyingine.

Sasa nije kwenye hoja yako, usije ukasema baba anakwepa. Mwaka 2022 Ducati walitafuta wa kukaa na Bagnaia, kiti wakampa Bastianini, Martín akabaki Pramac, timu iliyokodi pikipiki za Ducati. Mwaka 2024 kiti kikawa wazi tena, Martín ndiye anaongoza msimamo, wakampa Márquez. Mara mbili mtu anapitwa mlangoni. Ukiniuliza kama alistahili nakujibu ndiyo, tena bila kupepesa macho. Mwaka uleule alichukua ubingwa kwa pointi 508, Bagnaia 498, akiwa timu isiyo ya kiwanda. Tangu mbio hizi ziitwe MotoGP mwaka 2002 hakuna aliyewahi kufanya hivyo.

Lakini tazama alivyofanya baada ya kunyimwa. Mbio za Mugello, Italia, zilikuwa Jumapili, tarehe 2 Juni. Jumatatu Aprilia, kiwanda kingine cha pikipiki, wakatangaza kwamba wamemsajili. Ducati walipomtangaza Márquez Jumatano, Martín alikuwa ameshapata pa kwenda. Akarudi kwenye gereji ya Pramac, akaendesha Ducati ileile mpaka Novemba, akamalizia kazi Barcelona na kuondoka na namba 1 ya bingwa. Hasira alikuwa nayo, nani asingekuwa nayo? Ila aliiweka juu ya mkataba uliokwisha kusainiwa. Wewe wa kwako uko wapi, Salim? Umenitajia "watu wa Lusail wanaonifahamu", hapohapo Qatar. Kufahamiana si ajira.

Utaniambia Márquez aliacha. Nilikusikia ukilisema hilo hata kabla hujalisema. Ni kweli, mwisho wa 2023 aliondoka Honda mkataba ukiwa umebaki mwaka mzima, akaenda Gresini, timu nyingine isiyo ya kiwanda, kuendesha Ducati ya mwaka uliotangulia. Lakini ndani ya gereji hiyo alikuwemo tayari mdogo wake, Álex. Alijua anakwenda kulala kwa nani. Na tarehe 28 Septemba mwaka huu, pale Motegi, Japani, akawa bingwa akiwa kwenye kiti hichohicho unachosema kilikuwa cha Martín. Kwa hiyo Ducati hawakukosea kumchagua, na Martín hakuwa mtu wa kunyimwa. Yote mawili ni kweli. Hapo ndipo naona unateleza, kwa sababu unataka lazima awepo mmoja asiyestahili ili upate wa kumkasirikia.

Ndiyo ukamwangukia Bagnaia. Huyu ni bingwa wa 2022 na 2023. Mkataba wake waliuongeza kabla msimu wa 2024 haujaanza, naye msimu huo akashinda mbio 11 za Jumapili, Martín 3 tu. Mwaka huu ameshinda mbili, Austin na Motegi, na kumaliza wa tano. Sasa nikuulize kama fundi, si kama shabiki. Motegi uliiona pikipiki yake inatoa moshi mizunguko ya mwisho? Alishinda nayo vilevile, kama alivyoshinda zile mbio fupi za Jumamosi. Wiki iliyofuata, Mandalika kule Indonesia, mtu huyohuyo akawa wa mwisho kwenye mbio za Jumamosi. Kipaji hakipotei kwa siku sita. Bagnaia anafunga breki akiwa ameshaingia kwenye kona, uhai wake wote uko kwenye gurudumu la mbele, na mwaka mzima amekuwa akilalamika kwamba mbele hapaongei naye.

Usimcheke mtu akikuambia pikipiki haiongei. Mimi nilimcheka. Aliniletea Honda yake mwalimu mmoja wa huku, akasema ikifika kwenye kona inamtisha. Nikaizungusha uwanjani mara moja, nikamwambia ni woga wake. Akarudi baada ya wiki mbili na mkono umefungwa bandeji. Nilipofungua shokapu za mbele, ya kushoto ilikuwa na mafuta yake, ya kulia yalikuwa yamebaki ya kujaza kikombe cha kahawa. Sili yake ilikuwa na mpasuko mdogo kama mkato wa kucha. Ulitaka kidole, jicho lisingeuona. Sikumtoza hela, na mpaka leo nikikutana naye njiani nageuzia macho upande mwingine.

Kwa hiyo kiti cha Bagnaia mimi siwezi kukiita cha upendeleo. Alikipata kihalali. Kama anastahili kuendelea nacho ni swali jingine, na jibu lake liko kwenye hiyo shokapu kuliko kwenye moyo wake. Mkumbuke Morbidelli. Mwaka 2020 alikuwa wa pili duniani akiwa na Yamaha ya zamani kuliko za wenzake, ameshinda mbio tatu. Wakampa kiti cha kiwanda 2021, goti bado halijapona vizuri, na hakushinda tena hata moja mpaka alipoondoka mwisho wa 2023. Alistahili kile kiti kuliko karibu kila mtu aliyewahi kukipata.

Nimetoka nje ya barabara. Usiache kazi.

Kuna jambo la yule kijana wenu. Umesema "anajua kuandika ripoti tu". Salim, kwenye gereji niliyofanya kazi kabla hatujahamia hapa, nilipitwa na kijana wa namna hiyo. Mimi nilikuwa nasikia valvu iliyolegea pikipiki ikiwa bado iko barabarani. Yeye alikuwa na daftari. Kila pikipiki iliyoingia aliandika namba yake, tatizo, kilichobadilishwa, siku ya kurudi. Mimi vyote nilikuwa navyo kichwani, na nilijivunia hivyo. Bosi alipomtangaza, nilivua ovaroli nikaining'iniza kwenye jiliwa, nikatoka bila hata kudai siku zangu. Nilikaa miezi minane nyumbani. Cherehani ya mama yako haikuharibika kama tulivyowaambia nyie watoto.

Sijawahi kumwambia mtu hili la daftari.

Sikio hilo la valvu unalo wewe, najua, na sijisifu ninaposema limetoka kwangu. Wazungu wanakuletea Ducati zao wakikutaja kwa jina, mimi sikufika huko. Lakini mwaka juzi nilikwambia usome kupima kwa kompyuta, ukanijibu kwamba hizo ni kazi za watoto. Sasa mtoto ndiye bosi wako. Mwombe akufundishe. Itakuuma siku mbili tatu.

Na Martín wako naye si malaika. Ulikuwepo kwenye uwanja wa mbio wa Lusail usiku ule wa Aprili alipoanguka na kugongwa, sina haja ya kukusimulia. Mbavu zimevunjika mahali kumi na moja, Aprilia ameshaikimbiza mbio moja tu, akaanza kutafuta kipengele cha kumtoa kwenye mkataba. Wenyewe wakamwambia mkataba unaisha 2026. Wakavutana miezi, mpaka Julai kule Brno alipokubali kubaki. Nilimwelewa. Mtu akiumia huona kila mlango ni wa kutokea.

Wewe miaka sita hapo si midogo. Wana haki yako ya mwisho wa utumishi, wiki tatu za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, na sheria ya huko inataka utoe notisi ya miezi miwili. Usiende kumrushia mtu funguo mezani ukaanza kuzungushwa. Lala kwanza. Zungumza na hao wa Lusail, wakupe karatasi yenye sahihi, unitumie picha, niisome na miwani. Hapo hata kesho ondoka, nitakuombea dua mwenyewe.

Huku hatujambo. Mama yako goti linamsumbua mvua ikikaribia, ila harusi ya kwa jirani Jumamosi hakukosa, kaimba mpaka sauti ikakauka. Dada yako amemaliza mtihani, anasubiri majibu, anataka simu mpya na nimemwambia aongee na wewe, kosa langu. Umeme wa luku unakwisha haraka tangu tununue lile friji, nafikiri mlango wake haufungi vizuri, mpira umelegea. Nitautazama.

Paa la upande wa jikoni limeanza kuvuja pale juu ya kabati la vyombo. Tumeweka beseni. Fundi amepima, anasema bati kumi na mbili na mbao mbili za kubadilisha. Usidhani barua hii nimeiandika kwa ajili ya bati. Mama yako anasema utadhani hivyo, ndiyo maana hakutaka nilitaje. Nimemwambia fundi asubiri, na hela uliyotuma mwezi uliopita sijaigusa, iko palepale, ikiwa mambo yako yatageuka nitakurudishia.

Nipigie kabla ya Alhamisi. Si sauti ya kurekodi, nipigie tuongee.

Baba yako