Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliosoma Maisha ya Yi Sun-sin

Ndugu wanachama,

Kuhusu fedha sina mengi. Mweka hazina atawasomea mahesabu yeye mwenyewe; ada zimelipwa na chama hakidaiwi. Walioazima vitabu vya chama naomba wavirudishe kabla ya mkutano mkuu, maana kuna wenzao wanaovisubiri. Nafasi iliyobaki naomba mniachie nizungumze juu ya mtu aliyetukusanya mwaka mzima.

Mlipopiga kura tumsome Yi Sun-sin, jemadari wa majini wa Korea aliyezaliwa mwaka 1545, mimi nilikuwa upande wa wasiotaka. Leo namvulia kofia mbele yenu nyote.

Vita vyake mnavijua. Mwaka 1592 Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, alivusha majeshi yake hadi Korea, mji mkuu wa Korea ukaanguka ndani ya wiki chache, na Mfalme Seonjo akakimbilia kaskazini. Nchi kavu ilikuwa ni kushindwa tu. Baharini, kuanzia Okpo hadi Hansan, Yi alishinda kila pambano na kuwakatia adui njia ya kupitisha chakula na askari. Vijana wetu walivutiwa zaidi na meli za kobe, zile zenye paa la miiba ya chuma ili adui asithubutu kurukia juu. Mimi nilinaswa na mwaka 1597.

Mwaka huo alipewa amri aende kuuvamia msafara wa adui, kwa habari iliyoletwa na jasusi wa upande wa pili. Yi aliunusa mtego, hakwenda. Akakamatwa, akapelekwa mji mkuu amefungwa, akahojiwa kwa mateso, akaponea chupuchupu kuuawa, kisha akashushwa cheo hadi askari wa kawaida. Mama yake, mkongwe, alipanda chombo aje kumwona, akafia njiani. Yi hakuruhusiwa hata kubaki amzike. Aliyeshika nafasi yake, Won Gyun, alisukumwa hadi akatoka na meli zote, na huko Chilcheollyang zikateketezwa karibu zote. Zilisalia 12.

Ndipo mfalme akamrudisha Yi. Halafu, alipoona meli zenyewe ni hizo, akataka jeshi la majini livunjwe, askari wakapigane nchi kavu. Yi akamwandikia kwamba yeye bado ana meli 12.

Kikao chetu cha katikati ya mwaka kilikwama hapo hadi usiku. Wapo waliosema mfalme wa namna ile hakustahili mtumishi wa namna ile, na hoja yao ina uzito. Mimi nilisimama na waliosema uaminifu wa Yi ulianza siku alipokataa amri. Alijua kukataa kutamgharimu, na bado hakuwapeleka watu wake kufa ili yeye apate kibali cha wakubwa. Aliporudishwa hakudai aombwe radhi kwanza. Alianza kuzunguka pwani akikusanya askari waliotawanyika, nafaka na silaha.

Oktoba mwaka huohuo, kwenye mlangobahari wa Myeongnyang, alikuwa na meli 13, maana moja ilikuwa imeongezeka. Shajara yake inahesabu za adui 133. Maji ya pale huenda kasi na kunguruma, na njia ni nyembamba, kwa hiyo wingi wa adui haukuwa na pa kutandaa. Lakini tusisahau kwamba mwanzoni meli yake ilisimama peke yake. Nyingine zilibaki nyuma kwa woga. Yi akampigia kelele nahodha An Wi, akimuuliza kama anataka kufa kwa sheria ya kijeshi, na akikimbia ataishi wapi. An Wi akasonga mbele, wengine wakafuata, mkondo ukageuka. Meli 31 za adui ziliharibiwa. Yeye hakupoteza hata moja.

Wiki chache baadaye ikamfikia barua kutoka nyumbani. Anaandika kwamba kabla hajaifungua mwili ulianza kumtetemeka, kisha nje akaona mwandiko wa mwanawe wa pili: neno moja, kilio. Akajua kwamba Myeon, kitinda mimba wake, ameuawa na adui. Mbele ya askari hakuweza kulia. Siku chache baadaye alikwenda nyumbani kwa mchemsha chumvi mmoja, akalilia huko. Aliyetusomea ukurasa huo alishindwa kuumaliza, na hakuna aliyempokea kitabu. Katika miaka yote niliyokaa kitini hapa sijaona kikao kikinyamaza vile.

Yi aliuawa kwa risasi huko Noryang mwezi Desemba 1598, siku ya pambano la mwisho la vita hivyo, akiwa ameagiza kifo chake kisitangazwe mpaka mapigano yaishe. Mpwa wake aliendelea kutoa amri kwa jina lake.

Shajara hiyo tuliisoma vipande vipande. Inaanza siku ya kwanza ya mwaka 1592, na kurasa nyingi ni hali ya hewa, mazoezi ya upinde, homa za usiku na wasiwasi juu ya mama yake. Kamati inapendekeza mwaka ujao tuisome yote, tangu ukurasa wa kwanza, kwa zamu. Kura itapigwa mara tu baada ya taarifa ya mweka hazina.

Mwenyekiti