Majina ya walioitwa vitani yaandikwe kata kwa kata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikaa moyoni kila inapofika tarehe 25 Julai, tunapoadhimisha Siku ya Mashujaa. Nyumbani kwetu siku hiyo hatuendi shamba asubuhi. Baba yangu, aliyepigana Vita ya Kagera, husimama mbele ya televisheni akiwa amenyoosha mikono ubavuni tangu gwaride linapoanza mpaka Rais atakapoweka mkuki na ngao kwenye mnara, na hakuna anayethubutu kumletea kiti. Naithamini sana heshima hiyo ya kitaifa. Ombi langu ni kwamba wale tunaowaheshimu kwa pamoja tuwajue pia mmoja mmoja, kwa majina yao, huko huko vijijini walikotoka, kwa sababu katika ukoo wetu vizazi vitatu vimekwenda vitani na sijaona popote palipoandikwa jina hata moja.

Babu yake baba alichukuliwa shambani, huku kwetu Rungwe, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaacha mke na mtoto mchanga. Hakupewa bunduki, alipewa mzigo. Vita ile ya Waingereza na Wajerumani ilipiganwa katika nchi yenye mbung'o, ambako farasi na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa nagana kabla hawajafika mbali, na reli zilikuwa mbili tu, ya kati na ya Tanga. Kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la dawa lilipita juu ya kichwa cha mtu. Pande zote mbili ziliwakusanya wapagazi kwa nguvu. Wengi wao hawakuuawa na risasi, bali waliuawa na njaa, malaria na kuhara damu, wakazikwa kando ya njia na wenzao ambao walitakiwa kuondoka kabla hakujapambazuka. Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Huyu wa kwetu hakurudi, na mkewe aliishi miaka mingi bila kujua kama yeye ni mjane.

Wapagazi hao ndio waliotupatia jina la Kariakoo, kwa kuwa pale Dar es Salaam ndipo ilipokuwa kambi ya kikosi chao, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndimi za watu wetu zikaligeuza jina likawa letu. Mamilioni ya watu wamenunua na kuuza Kariakoo bila kuambiwa kwamba wanakanyaga uwanja wa watu waliokusanywa ili wakafe mbali na kwao. Si mbali na hapo, katika Barabara ya Samora, imesimama sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nilipoyasoma kwa mara ya kwanza nililia, kwa sababu mimi ni kitukuu wa mmoja wao na hakuna mpagazi hata mmoja aliyetajwa pale kwa jina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Yule mtoto mchanga alikua, naye Vita Kuu ya Pili ilipoanza akaingia Keya, yaani jeshi la kikoloni la Waingereza lililoitwa King's African Rifles (KAR). Ndiye babu yangu. Alifika Bama, ambayo leo ni Myanmar, akapita na wenzake wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki katika bonde la Kabaw mwaka 1944, katika msimu wa mvua ambazo alisema hazikumwacha mtu akalala mkavu. Kijijini watu walimwita Mzee Keya mpaka vijana wakasahau jina alilopewa na mama yake. Alikuwa na jamaa katika kikosi cha mizinga waliopanda meli ya Khedive Ismail pale Mombasa, meli iliyozamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldivi, wakafa watu 1,297, wengi wao wakiwa askari wa Afrika Mashariki. Habari hizo alinigusia mara moja tu, nikiwa mdogo, na sikumwuliza zaidi. Ninajuta.

Baba naye alikuwa na miaka 22 Idi Amin alipotangaza, tarehe 1 Novemba 1978, kwamba ameitwaa sehemu ya ardhi yetu ya Kagera. Alikuwa mgambo, akajiandikisha. Alivuka Mto Kagera, ambao daraja lake la Kyaka lilikuwa limevunjwa, akaenda kwa miguu kupitia Mutukula na Masaka, na alikuwa hai Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Wenzake waliopoteza maisha wamelala Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi yanayotunzwa vizuri na jeshi letu. Lakini waliorudi wanazeeka. Mpiganaji aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amevuka 65, na kila msiba mmoja unaondoka na mambo ambayo hakuna mwingine aliyeyaona. Baba aliwahi kwenda katika ofisi moja kuomba huduma, akaulizwa na kijana wa mezani ana ushahidi gani kwamba alipigana. Alirudi nyumbani, akala, akalala bila kusema neno.

Kwa hiyo naomba kila ofisi ya kata iwe na daftari la watu wake waliokwenda vitani, wakiwemo wapagazi, askari wa Keya na wapiganaji wa Kagera, pamoja na wake na wazazi waliobaki kuhudumia nyumba. Walimu wa historia wawatume wanafunzi kwa wazee wakiwa na kalamu, na simu za kurekodia kila mtu anazo siku hizi. Naomba pia kwamba pale Kariakoo, katika soko lililojengwa upya baada ya moto wa Julai 2021, liwekwe jiwe la ukumbusho wa wapagazi, lenye maelezo kwa Kiswahili, ili mnunuzi ajue jina hilo lilitoka wapi.

Sisi daftari letu tumekwisha kulianza. Baba amenitajia majina 11 ya vijana walioondoka naye hapa kijijini, akaeleza kila mmoja alikuwa mtoto wa nani na aliachwa wapi. Ukurasa wa babu yake una jina tu. Mahali pa kuandika kaburi nimepaacha wazi. Afisa mtendaji akilihitaji, nitampelekea nakala.

Msomaji wako,
Tukuyu, Mbeya